Jinsi ya kuunda makala ya utafiti wa historia: tujifunze kwa waandishi wa Maji Maji

Mwanafunzi wa historia akiambiwa aandike makala yake ya kwanza ya utafiti, mara nyingi hukabidhiwa orodha ya vichwa: usuli wa tatizo, malengo, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho. Anaketi, anavijaza kimoja baada ya kingine. Kazi ikirudi kutoka kwa msimamizi, pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Hoja iko wapi?" Mwanafunzi anashangaa, maana vichwa vyote vipo na kurasa zimetimia.

Orodha ile ina mahali pake, hasa kwenye pendekezo la utafiti linalopelekwa kwa kamati. Lakini fungua jarida lolote la historia lenye heshima, usome makala kadhaa. Utaona kila moja imejengwa kivyake. Wanahistoria hupanga makala zao kwa kufuata swali wanalolijibu na ubishi wanaouingilia, na vichwa vya sehemu huja baadaye. Ndiyo maana naamini muundo haufundishiki vizuri kwa orodha. Unafundishika kwa kuchukua makala chache zilizoandikwa na wanazuoni juu ya jambo moja, kuzifungua aya kwa aya hadi uone kila kipande kimewekwa pale kwa kazi gani, kisha ujenge ya kwako.

Katika mwongozo huu nitatumia vita vya Maji Maji. Ni tukio linalofahamika, na kwa zaidi ya nusu karne wanahistoria wamelifafanua kwa namna tofauti, kila kundi likibadilisha swali na kwa hiyo likibadilisha umbo la makala. Kama wewe unaandika juu ya Mau Mau, biashara ya karafuu Zanzibar au reli ya Uganda, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Tafuta makala tatu zisizokubaliana

Tatu zinatosha kwa kuanzia. Moja haikufundishi muundo, kwa sababu huna cha kuilinganisha nayo, kumi zitakuzamisha. Sharti kubwa ni kwamba zizungumzie tukio moja na zitofautiane katika maelezo.

Kwa Maji Maji ningechukua hizi: makala ya John Iliffe ya mwaka 1967 inayochunguza jinsi vita vilivyopangwa na watu walivyohamasishwa; ya Thaddeus Sunseri ya mwaka 1997 inayohusu njaa, nguruwe mwitu na mivutano ya wanawake na wanaume Uzaramo; na ya Jamie Monson ya mwaka 1998 inayohusu Nyanda za Juu za Kusini. Zote tatu zilitoka katika jarida moja, Journal of African History. Hilo linasaidia sana, kwa kuwa urefu na utaratibu wa jarida ni mmoja, hivyo tofauti za muundo utakazoziona zitakuwa zimetokana na hoja zenyewe.

Makala za namna hii hupatikana JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ambako unaweza kufungua akaunti binafsi ya bure ya kusomea mtandaoni, au kupitia maktaba ya chuo chako. Walio Dar es Salaam wanayo pia maktaba ya Chuo Kikuu na sehemu yake ya East Africana, ambako kuna tasnifu na machapisho ya zamani ambayo hayajaingia mtandaoni.

Kabla ya kuzisoma, hakikisha unalijua tukio lenyewe kwa ufupi, ili usihangaike na majina. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba iliyolimwa kwa amri ya serikali ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, nabii aliyekuwa akigawa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vikaenea hadi Mahenge, Liwale na Ungoni, na vikaendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, yanatofautiana mno, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Zaidi ya hapo, waachie waandishi wenyewe wakueleze.

Hatua ya 2: Soma kwa mpangilio usio wa kurasa

Anza na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, kama ipo. Kisha soma aya tatu au nne za mwanzo, uruke hadi hitimisho, halafu urudi katikati usome sentensi ya kwanza ya kila aya tu. Usipige mstari popote kwa sasa.

Ukimaliza, funga makala uandike kwa maneno yako, sentensi moja moja: mwandishi anauliza nini, anajibu nini, anapingana na nani. Ukishindwa kuandika sentensi hizo, rudia mwanzo na mwisho. Usiingie katikati kabla ya hapo, maana katikati ndipo penye majina ya watemi, tarehe na takwimu, navyo vitakuteka usahau ulichokuja kutafuta.

Ukifanya hivyo kwa makala ya Iliffe utaandika kitu kama hiki: swali ni jinsi watu wengi wa makabila tofauti walivyoweza kuhamasishwa na kupangwa pamoja, jibu ni kwamba vuguvugu lilianzia katika manung'uniko ya wakulima, likapewa nguvu na kuenezwa na dini ya kinabii, kisha likadhoofika pale shida ilipowalazimisha watu kurudi kwenye uaminifu wao wa ukoo na kabila. Sentensi moja, na ndani yake umeshauona mpangilio wa makala nzima. Ina hatua tatu, na kila hatua inaeleza kitu ambacho iliyotangulia haikuweza kukieleza.

Hatua ya 3: Andika kazi ya kila aya pembeni

Sasa chukua penseli. Chapisha makala kama unaweza. Kazi hii kwenye simu inachosha. Pembeni mwa kila aya andika maneno mawili au matatu yanayosema aya hiyo inafanya nini. Angalia: inafanya nini, si inasema nini. Ukiandika "pamba Rufiji" umeandika mada. Ukiandika "anatoa ushahidi wa manung'uniko" umeandika kazi.

Kazi zenyewe si nyingi. Aya hueleza ubishi uliopo, au hutoa dai, au huleta ushahidi wa dai. Kuna inayohakiki chanzo, inayokubali pingamizi na kulijibu, inayowapa wasomaji usuli wanaouhitaji ili wafuate, na inayovusha kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mara chache utakuta aya inayofanya kazi mbili. Ukikuta isiyofanya yoyote, hata kwa mwanazuoni mkubwa, iandikie alama ya kuuliza na usonge mbele.

Hamisha maneno hayo ya pembeni kwenye karatasi moja, kwa mfuatano. Hiyo ndiyo mifupa ya makala. Fanya hivyo kwa zote tatu, kisha zipange karatasi mezani kwa pamoja. Tazama mwandishi ametumia aya ngapi kabla ya kutamka hoja yake. Tazama pingamizi limewekwa wapi, kama ni mwanzoni ili liondolewe njiani, au karibu na mwisho baada ya ushahidi kukaa sawa. Tazama usuli wa kihistoria umechukua nafasi kiasi gani. Wanafunzi wengi hushtuka hapa, kwa sababu wao hutumia theluthi ya kazi nzima kueleza Wajerumani walivyofika Afrika Mashariki, wakati mwandishi wa jarida anatoa usuli ule tu ambao hoja yake haiwezi kusimama bila huo.

Hatua ya 4: Tazama miaka na ramani

Nakusihi hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo muundo na hoja vinapoonekana kuwa kitu kimoja.

Ukiwa na makala tatu mbele yako, jiulize kila moja inaanza mwaka gani, inaishia mwaka gani, na inasimama katika eneo gani. Iliffe anakaa na miaka ya vita, 1905 hadi 1907, na anatembea na vita vyenyewe kutoka bonde la Rufiji na Matumbi kwenda magharibi na kusini. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu swali lake ni la uhamasishaji: kitu kilichoanzia mahali padogo kiliwezaje kuwafikia watu wengi kiasi kile? Swali la kuenea linadai makala inayosafiri.

Monson anafanya tofauti kabisa. Makala yake inaanza mwaka 1870 na kuishia 1918. Anasimama sehemu moja, Nyanda za Juu za Kusini, na kuitazama kwa karibu nusu karne. Kwa kurudi nyuma hadi 1870 anadai, hata kabla ya kutoa ushahidi wowote, kwamba uamuzi wa watu mwaka 1905 wa kupigana na Wajerumani, kuwaunga mkono au kukaa kando hauwezi kueleweka bila kujua urafiki na uadui uliojengeka kati ya watawala wa eneo hilo kabla ya Wajerumani kushika nchi. Na kwa kwenda hadi 1918 anaonyesha kwamba siasa hizo hazikukoma vita vilipokwisha. Kama angeanzia 1905, hoja yake isingekuwa na pa kusimama.

Sunseri naye anabana ramani hadi Uzaramo na kubadilisha mhusika. Badala ya nabii au mtemi anaitazama kaya ya mkulima. Wanaume wanaondoka kutafuta kazi ya ujira, wanawake wanabaki na mashamba, nguruwe mwitu wanaharibu mazao, njaa inabisha hodi. Swali lililobaki kubwa mno kwa taifa zima, kwamba watu waliasi kwa nini, linajibika kwa undani mkubwa zaidi mtu akitazama jinsi chakula kilivyopatikana na nani alibeba mzigo wa kukipata.

Kwa hiyo unapoandika kichwa cha kazi yako na kuweka miaka, usiichukue tu kwa kuwa ndiyo miaka ya kitabu cha kiada. Kila tarehe unayoanzia inabeba maelezo ya sababu. Jaribu kuandika sentensi mbili za kumweleza msimamizi kwa nini umeanzia pale ulipoanzia na kwa nini umeishia pale. Zikikosa mantiki, badilisha miaka kabla hujaandika aya hata moja.

Hatua ya 5: Shuka kwenye tanbihi

Tanbihi, yaani maelezo ya vyanzo yanayowekwa chini ya ukurasa, ni nusu ya makala ya historia, na wasomaji wengi hawazigusi. Wewe zipitie zote ukiwa na kalamu mbili za rangi: moja kwa vyanzo vya msingi, yaani nyaraka, barua, magazeti ya wakati ule na simulizi, nyingine kwa kazi za wanahistoria wengine. Rangi zitakuonyesha mwandishi anategemea nini, na wapi.

Kwa Maji Maji utakutana na majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yenye alama ya herufi G. Utakutana na mafaili ya wizara ya makoloni yaliyoko Berlin, fungu R 1001. Utakutana na kitabu alichokiandika gavana mwenyewe, Gustav Adolf von Götzen, kilichotoka 1909. Na utakutana na simulizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama wengi mnaosoma hapa. Kazi yao imetumiwa na watafiti hadi leo.

Kila aina ya chanzo ina mahali pake pa kuhakikiwa, na muundo mzuri unapanga nafasi kwa ajili hiyo. Gavana aliyeandika 1909 alikuwa akijitetea. Mzee aliyehojiwa 1968 alikuwa akikumbuka mambo ya miaka zaidi ya 60 iliyopita, tena katika nchi iliyopata uhuru miaka saba tu kabla, ambako Maji Maji ilikwisha kufundishwa kuwa chimbuko la umoja wa taifa. Hakuna kati ya hivyo kinachofaa kutupwa. Lakini mwandishi mzuri anamwambia msomaji udhaifu wa chanzo palepale anapokitumia, katika aya ileile, na si katika sura tofauti ya "changamoto za utafiti" iliyofichwa mwishoni.

Hatua ya 6: Tunga swali lako na hoja ya kuanzia

Baada ya kufungua makala tatu utakuwa umeona mapengo. Pengo zuri kwa mwanafunzi ni lile ambalo vyanzo vyake unavipata na lugha yake unaijua. Na hapa sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili tuna faida ambayo hatuitumii vya kutosha. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili. Gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga kwa Kiswahili wakati vita vinapiganwa. Na kuna Utenzi wa Vita vya Maji-Maji uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Mtu aliyezoea tenzi atauona undani ambao msomaji wa tafsiri anaupita.

Tuseme basi swali letu ni hili: wakazi wa mji wa Lindi walijiweka wapi kati ya serikali ya Wajerumani na wapiganaji wa bara? Ni swali dogo, lina mahali, lina chanzo, na lina ubishi wa kuingilia, kwa sababu Felicitas Becker aliandika katika jarida lilelile mwaka 2004 juu ya wafanyabiashara, wakubwa wa mitaa na manabii wa kusini-mashariki. Huanzi patupu, na huna haja ya kurudia aliyoyasema.

Hoja ya kuanzia iandike kwa sentensi moja yenye sehemu tatu: wengine wamesemaje, wewe unaonyesha nini, na kwa nini hilo linabadilisha tunavyoelewa. Kwa mfano: "Ingawa vita kusini-mashariki vimeelezwa zaidi kwa macho ya watawala na ya watu wa bara, utenzi wa Lindi na nyaraka za wakati huo zinaonyesha kwamba watu wa mjini walikuwa na maslahi yao wenyewe katika biashara na utulivu, na kwamba mgawanyiko kati ya pwani na bara uliamua mwendo wa vita kama vile dawa ya maji ilivyouamua." Hilo ni dai la kujaribiwa. Vyanzo vinaweza kulikataa, na vikilikataa, badilisha sentensi; usivipinde vyanzo.

Hatua ya 7: Panga makala kwa sentensi kamili

Wanafunzi hupanga kwa maneno: "Uchumi wa Lindi", "Utenzi", "Athari". Maneno hayo hayadai chochote, kwa hiyo hayakuonyeshi kama sehemu zinafuatana. Panga kwa sentensi zinazodai jambo:

Mji wa Lindi uliishi kwa biashara na watu wa bara tangu kabla ya utawala wa Wajerumani, na uhusiano huo ulikuwa wa kutegemeana na wa kutoaminiana kwa wakati mmoja.

Utawala wa Wajerumani ulibadilisha uhusiano huo kwa kuwapa baadhi ya watu wa pwani vyeo vya uakida na uliwali juu ya watu wa bara.

Kwa hiyo vita vilipoanza, mtu wa mjini alikabiliwa na chaguo tofauti na la mkulima wa Matumbi.

Utenzi, ukisomwa beti kwa beti pamoja na nyaraka, unaonyesha chaguo hilo lilivyoelezwa na mtu aliyeliishi.

Msomaji anaweza kusema utenzi ni sauti ya mtu mmoja tu. Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake ni kuonyesha wapi vyanzo vingine vinaafikiana nao na wapi vinautenga.

Zisome sentensi hizo mfululizo kwa sauti. Zikisikika kama maelezo ya mtu mmoja anayejenga jambo, muundo umesimama. Ukiweza kubadilisha nafasi ya sentensi mbili bila chochote kuharibika, basi hazijaungana, na mojawapo inahitaji kuandikwa upya au kuondolewa. Jaribio hili huchukua dakika chache na linaokoa wiki za kuandika.

Kuhusu kuchagua mpangilio wa wakati, wa mada au wa mahali, sina kanuni ya jumla. Swali la "jambo lilibadilikaje" huenda vizuri na wakati. Swali la "kwa nini hapa na si pale" huomba ulinganisho wa mahali. Mpangilio wa mada ndio unaopendwa zaidi na wanafunzi, nao ndio wenye hatari zaidi, maana ni rahisi makala ikageuka vijisehemu vya siasa, uchumi na utamaduni visivyojuana.

Hatua ya 8: Andika mapitio kama ubishi

Sehemu ya mapitio ndiyo inayoharibika zaidi, na sababu yake inafahamika. Mwandishi anaorodhesha: "Iliffe (1967) anaeleza kuwa… Sunseri (1997) anaeleza kuwa… Monson (1998) anaeleza kuwa…" Aya nane za namna hiyo, halafu sentensi: "Pamoja na kazi hizi, bado kuna pengo."

Wapange waandishi kwa upande wanaosimama. Serikali ya Wajerumani ilipenda kueleza vita kama njama ya waganga. Wanahistoria wa miaka ya 1960, wakiandika nchi ikiwa changa, waliweka mbele manung'uniko ya wakulima na uwezo wa watu kuungana kuvuka mipaka ya kabila. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti waligawanya tukio: badala ya vita vimoja vyenye sababu moja wakaona mapambano mengi ya kienyeji yaliyokutana chini ya jina moja. Kisha sema wazi ubishi huo umekuacha na swali gani. Mapitio ya namna hii yanaweza kuchukua aya mbili au tatu tu, na yanamfikisha msomaji mlangoni mwa hoja yako akiwa anajua kwa nini anapaswa kuingia.

Usidai kwamba "hakuna aliyewahi kuandika" juu ya jambo lako. Mara nyingi si kweli, na msimamizi anajua. Dai kwamba waliotangulia walitazama upande fulani, na wewe unautazama mwingine kwa sababu unayoitaja.

Hatua ya 9: Jenga aya moja kwa uangalifu, halafu nyingine

Muundo wa makala nzima unarudiwa ndani ya kila aya. Tazama aya hii, niliyoiandika kwa ajili ya mwongozo huu:

"Maelezo ya serikali kwamba vita vilitokana na njama ya waganga yanapaswa kusomwa pamoja na nafasi ya aliyeyatoa. Von Götzen, gavana tangu 1901, ndiye ambaye chini yake mashamba ya pamba ya kulimwa kwa pamoja yalianzishwa. Kukiri kwamba mashamba hayo yaliwachokoza watu kungekuwa kujishtaki mbele ya Berlin. Lakini kitendo cha kwanza cha watu wa Matumbi mwishoni mwa Julai 1905 kilikuwa kung'oa pamba. Hata hivyo pamba peke yake haitoshi, kwa kuwa vita vilifika Ungoni, ambako mpango huo wa pamba haukuwa umefika. Manung'uniko ya pamba yanaeleza mahali vita vilipoanzia. Kueleza vilikofika kunahitaji kitu kingine."

Sentensi ya kwanza inadai. Ya pili na ya tatu zinahakiki chanzo, na zinataja kwa nini mtu huyu hasa angependelea maelezo hayo. Ya nne inaleta ushahidi unaokinzana na maelezo ya gavana, wenye mahali na wakati. Ya tano inakubali mpaka wa ushahidi huo, kabla msomaji hajausema. Mbili za mwisho zinafunga kwa kutofautisha mambo mawili, na zinamdai mwandishi aya inayofuata: kitu kingine hicho ni nini? Aya inayofuata lazima ijibu, na ndivyo makala inavyosonga bila wewe kuandika "baada ya kuangalia hayo, sasa tuangalie".

Kosa la kawaida katika aya za wanafunzi ni kuacha nukuu ijieleze. Mwanafunzi ananukuu mistari sita ya simulizi ya mzee, kisha anaanza aya mpya. Baada ya kila nukuu andika angalau sentensi moja ya kwako: neno gani ndani yake lina uzito, na linatuambia nini ambacho msomaji asingekiona peke yake. Kwa beti za utenzi hili ni la lazima zaidi, kwa sababu mshairi anafungwa na vina na mizani, na wakati mwingine neno limechaguliwa kwa ajili ya kina. Usijenge hoja nzito juu ya neno moja la mwisho wa kipande kabla ya kuangalia kama linajirudia sehemu ambako vina havikulazimisha.

Hatua ya 10: Utangulizi na hitimisho viandikwe mwisho

Utangulizi ulioandikwa kwanza huahidi makala usiyoiandika. Andika kwanza rasimu ya katikati, halafu rudi. Utangulizi wa kazi ya maneno 4,000 hauhitaji kuzidi aya nne: jambo mahususi linalomwingiza msomaji, ubishi, hoja yako kwa sentensi moja iliyo wazi, na vyanzo pamoja na mpaka wake. Usianze na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akipigana". Anza Lindi.

Hitimisho lisirudie utangulizi. Sema hoja yako ikikubaliwa inatulazimisha tuangalie upya nini, na wapi uthibitisho wako ni dhaifu.

Rasimu ikikamilika, ifanyie kile ulichowafanyia Iliffe, Sunseri na Monson. Ichapishe, chukua penseli, andika pembeni kazi ya kila aya, hamishia karatasi moja, linganisha na zile sentensi ulizozipanga kabla ya kuanza. Aya isiyo na kazi iondoe hata kama ilikugharimu siku mbili kwenye Nyaraka. Kisha pitia tanbihi moja moja ukiwa na majalada au picha zake mbele yako, uhakikishe namba ya jalada, tarehe ya barua na ukurasa, kabla hujampelekea msimamizi.